MASTAA WETU NA GOFU: UZIO WA MKOLONI MMEURUKA, SASA MNAUFUNGA KWA NDANI

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, wala nani kaonekana hotelini na mume wa nani. Leo nina hasira, na hasira yenyewe imeletwa na nyasi.

Mmeona wenyewe. Siku hizi kila ukifungua simu kuna mtu kashika fimbo ya gofu. Kuna yule msanii wetu (jina kapuni, mnamjua, juzi juzi tu hapa alikuwa anagombania daladala na sisi), kavaa kofia nyeupe, suruali ya kitambaa, glavu mkono mmoja, na nyuma yake kijani mpaka macho yanauma. Kuna mama mmoja wa mjini, mke wa kigogo, naye kila Jumamosi lazima atuonyeshe viatu vipya vya kukanyagia nyasi. Halafu kuna bwana mmoja mwenye kampuni zake, huyu ndo kaniudhi kuliko wote. Yeye kaweka maelezo marefu chini ya picha, eti anaupenda mchezo huu kwa sababu kule hakuna kelele za uswahilini, na dili zake zote kubwa kazifunga akiwa anatembea kati ya shimo na shimo. Watu wakammwagia kopa nyekundu kama mvua. Mmoja akajibu, gofu si ya kila mtu. Na yeye akakubali!

Hapo ndo nikasema hapana. Si ya kila mtu kwa amri ya nani?

Mnajua sisi Wapare tunavyotaniwa. Eti Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sawa, leo nauza ng'ombe. Mimi naishi Same, elimu yangu kidato cha nne, hapa kwetu sijawahi kuona shimo la gofu hata moja, mashimo tuliyonayo ni ya barabarani. Upepo wa hapa ungekubeba mpira wako ukaupate Makanya. Lakini kesi hii inanihusu, na inakuhusu na wewe unayesoma ukiwa kwenye foleni Ubungo, kwa sababu ile nyasi ina historia, na historia yake inatutaja sisi kwa kutuacha nje.

Tuanze na uwanja wenyewe ambao ndo mama wa viwanja vya gofu vya mjini Bongo, yaani Gymkhana ya Dar es Salaam. Ukitoka Posta ukaelekea baharini unaukuta, pale Barabara ya Ghana, jirani na ile barabara ya ufukweni ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama ila wengi bado tunasema Ocean Road. Mashimo 18, katikati ya jiji. Uwanja wa mashimo 18 kwa kawaida unakula zaidi ya ekari 100. Kiwanja cha mpira wa miguu hakifiki hata ekari 2. Piga hesabu mwenyewe, halafu kumbuka sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye mkoa ule.

Kwanini pale? Kwanini eneo kubwa vile la wazi liwe pale pale, na si Temeke au Buguruni?

Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar mwaka 1891. Upande ule wa mashariki, unaopata upepo wa bahari kwanza, wakajipa wenyewe. Hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa 1897 ilikuwa ya Wazungu, na bustani ya mimea ikawa hapo hapo karibu. Septemba 1916 Waingereza wakaingia, wakawatoa Wajerumani, wakarithi nyumba, wakarithi upepo, na wakaleta michezo yao. Gymkhana ni mtoto wa ujio huo. Na cheki jina lenyewe, maana hapa ndo nacheka kwa uchungu: neno hilo Waingereza walilitoa India, limetokana na lugha za Wahindi. Wakaja nalo Dar, wakajenga klabu kwa jina la Kihindi, halafu Mhindi wakamwambia hapa huingii. Na kama Mhindi mwenye duka haingii, wewe babu yangu wa Vudee ungeingia kama nani? Kama mfagiaji. Kama mbeba mifuko. Kama mtu wa kukata majani.

Sasa sikilizeni ujanja. Tanganyika haikuwa koloni la Mwingereza moja kwa moja, alikuwa anaishika kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, kwa hiyo kuandika sheria nyeupe kwamba Mwafrika marufuku kukaa mtaa huu kungemletea maneno huko nje. Akafanyaje? Akaandika sheria za ujenzi. Jiji likagawanywa kanda tatu. Kanda ya kwanza lazima ujenge nyumba ya kizungu yenye nafasi kubwa, kanda ya pili nyumba za biashara na makazi ya kubanana, kanda ya tatu ndo vibanda vya wenyeji. Rangi ya ngozi haikutajwa sana. Mfuko ulitajwa. Ila kila mtu alijua, na mpaka leo majina yapo midomoni mwetu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Na katikati ya kanda wakaacha uwazi. Pale Mnazi Mmoja unapoona pamekaa wazi kati ya Kariakoo na mitaa ya Wahindi, usidhani mkoloni alikuwa anapenda watoto wacheze. Ulikuwa ni ukanda wa kututenga, wenyewe walisema ni kwa ajili ya afya, ili magonjwa yetu yasiruke yakawafikie. Ukiitazama ramani ya jiji utaona upande wa pili nao una ukanda wake, kati ya maduka na nyumba za Wazungu: bustani, na uwanja wa gofu. Kwa hiyo ile nyasi kabla haijawa ya kuchezea ilikuwa ya kutenganishia. Ni ukuta, tofauti yake na kuta nyingine ni kwamba huu umelazwa chini na kupakwa kijani.

Sasa bwana wa kampuni anaposema anaupenda kwa sababu hausikii kelele za uswahilini, masikini hajui kwamba kasoma barua ya mkoloni neno kwa neno. Uwanja ulitengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Unafanya kazi vizuri sana, hongera.

Na wakati nyasi zinamwagiliwa kule, huku kwetu kulikuwa na nini? Wazee wa Upare wanajua. Mwaka 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani, wakatembea kwa miguu mpaka hapa Same, wakakaa bomani siku baada ya siku wakikataa kodi ya mbiru. Kodi yenyewe ilikuwa mtu anakuja anahesabu mali yako, ng'ombe wako, migomba yako, anakupangia ulipe kiasi gani. Wazee wakasema hatukatai kodi, tunakataa kupekuliwa. Baadaye na wanawake wakaingia. Mkoloni aliikomalia weee, mwisho akaiacha. Serikali iliyokuwa inahesabu migomba ya bibi yangu ndo serikali hiyo hiyo ambayo mabwana wake Dar, saa za jioni, walikuwa wanahesabu mikwaju. Sijui kama kuna aliyewahi kuwapekua wao.

Ukaja uhuru, 9 Desemba 1961. Na hapa kuna kitu nilikisoma nikashtuka. Mwezi mmoja tu kabla, Novemba 1961, ndo chama cha wachezaji wa kulipwa wa gofu cha Marekani kilifuta kipengele kwenye katiba yake kilichosema wanachama lazima wawe watu weupe. Kipengele kimeandikwa, si siri! Yaani wakati Mwalimu anajiandaa kupokea nchi, Mmarekani mweusi ndo kwanza alikuwa anaruhusiwa kwa maandishi kuishi kwa mpira wa gofu. Na kile kijiti kidogo kinachochomekwa chini kushika mpira, hati ya kwanza ya ugunduzi wake Marekani waliyompa mweusi ilitoka 1899, alikuwa daktari wa meno anaitwa George Grant. Mchezo ulipokea kijiti chake, yeye na wenzake ukawaacha getini miaka 62.

Turudi nyumbani. Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi kwenye klabu ukawa hauwezekani tena, serikali ya Mwalimu haikuwa na mchezo kwenye hilo. Likaja Azimio la Arusha 1967, mabenki yakachukuliwa, mashamba makubwa ya mkonge yakachukuliwa. Mwaka 1971 zikafuata nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Ile klabu nyingine ya Wazungu pale Kivukoni, Dar es Salaam Club, walikokuwa wanakunywa jioni wakiangalia bandari, ilikufa, jengo likawa hoteli na baadaye likawa la Mahakama ya Rufani. Hilo mimi nalipenda sana. Baa ya mabwana ikageuka mahali ambapo Mpare anaweza kufika na kesi yake ya kuku mpaka ngazi ya mwisho!

Lakini uwanja wa gofu ukapona. Ujamaa wote ule, vijiji vikahamishwa, maduka yakafungwa, watu wakapanga foleni ya sukari, ila mashimo 18 yakabaki mashimo 18. Kilichobadilika ni nani kashika fimbo. Kwanza akaingia mkubwa wa serikali, akafuata mkubwa wa shirika la umma, na hela ilipoanza kusifiwa hadharani miaka ya tisini akaingia mfanyabiashara. Sasa hivi zamu ya staa. Kila kundi lilipofika getini lililalamika kwamba geti limefungwa, likafunguliwa, likaingia, halafu likasaidia kulirudishia kwa nyuma. Zamani tuliambiwa rangi yako hairuhusu. Leo tunaambiwa ada yako haijafika, na huna mwanachama wa kukudhamini. Si ndo ile ile kanda ya kwanza? Mfuko unatajwa, wengine wanajijua.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi gofu siichukii. Nimekaa nikaangalia kwenye simu ya mshkaji mashindano yale ya Augusta kule Marekani usiku kucha na sikuelewa nusu ya sheria ila nilielewa presha. Mtu yuko peke yake, hana refa wa kumlaumu. Safi kabisa. Ila hata Augusta kwenyewe, klabu inayosifiwa dunia nzima, mwanachama wa kwanza mweusi waliingiza 1990 na mwanamke wa kwanza 2012. Na mpaka 1982 kila mchezaji pale alilazimika kubebewa mfuko na mbeba mifuko wa klabu, ambao wote walikuwa weusi. Kwa hiyo mweusi alikuwa haruhusiwi uanachama ila ndo alikuwa anajua kila mteremko wa uwanja, anamnong'oneza mzungu apige wapi.

Hapo pa wabeba mifuko naomba tukae kidogo, maana ndo roho ya kesi yangu.

Nirudie ile picha ya msanii wetu. Kuikuza ukaiangalia vizuri, pembeni kulia kuna mkono. Mkono mweusi umeshika kamba ya mfuko. Mwenye mkono kakatwa. Picha kumi alizoweka, hakuna hata moja inayoonyesha sura ya yule kijana. Lakini nani kamwambia staa asimame vipi? Nani kamchagulia fimbo? Nani kautafuta mpira ulipopotelea kwenye vichaka mara kumi na nne? Watu wanaofuatilia gofu ya Bongo wanalijua hili: wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia kubeba mifuko. Walitoka familia za kawaida kabisa, wakaingia uwanjani kutafuta hela ya kula, wakajifunza kwa kuangalia, wakacheza kwa fimbo za kuazima siku ambazo wenye uwanja hawapo. Gofu ya nchi hii imebebwa na watoto wa uswahilini, kwa maana halisi, begani. Halafu mtu anakwambia anaenda kule kukimbia kelele za uswahilini. Kaka, uswahilini ndo imekubebea mfuko!

Na si wanaume tu. Mwanadada Madina Iddi wa Arusha kaibeba bendera yetu kwenye mashindano ya nje na kurudi na vikombe. Ni wangapi kati ya mliompa kopa yule bwana mnalijua jina lake? Mnajua viatu vya mke wa kigogo, bei yake mmeipata kabla mwenyewe hajasema.

Nina jambo langu la binafsi pia, nalisema haraka. Kuna klabu moja, siitaji na si lazima iwe mnayoifikiria, niliwahi kupeleka mzigo pale nilipokuwa nahangaika na bodaboda za watu. Mzigo wenyewe ulikuwa sare za mashindano. Mlinzi, ambaye lafudhi yake tu ilinionyesha ni mtu wa huku huku kwetu, akaniambia nizunguke geti la nyuma, nisipite mbele kwa sababu kuna wageni. Nikazunguka. Kule nyuma nikakuta vijana kama thelathini wamekaa chini ya mti wanasubiri kuitwa wabebe. Wengine walikuwa wamekaa tangu alfajiri. Hawakuwa na hasira, walikuwa wanabishana Simba na Yanga. Hasira nilikuwa nayo mimi.

Sasa kuna kundi la pili ambalo najua linanishangilia hapa, na leo nalichapa na lenyewe. Ni lile linalosema basi uwanja uvunjwe, yajengwe maghorofa, tupate ajira. Nyie ndo hatari zaidi. Mnadhani lile eneo likipigwa mnada, atakayelinunua ni mama ntilie wa Kisutu? Atanunua yule yule bwana wa kampuni, tena dili atalifungia pale pale shimo la tisa. Angalieni majirani. Kampala sehemu ya uwanja wao wa gofu ilikatwa, leo kuna maduka makubwa na hoteli. Maskini wa Kampala kapata nini? Kapata sehemu nyingine ya kuzuiwa na mlinzi. Na Nairobi, Royal, klabu iliyoanza 1906 na kupewa jina la kifalme 1935, imepakana na Kibera bega kwa bega. Ukiiona picha iliyopigwa kutoka angani, upande huu nyasi, upande huu mabati, katikati kamstari tu. Lakini usidhani kuiondoa nyasi kutaifikisha Kibera kwenye nyumba nzuri. Itaifikisha kwenye kivuli cha ghorofa.

Dar imekula viwanja vya wazi mpaka watoto wanacheza mpira juu ya makaburi na barabarani. Mvua ikinyesha mnajua kinachotokea Jangwani. Ile nyasi, pamoja na dhambi zake zote, ndo sehemu ya mji ambayo maji bado yanaingia ardhini na miti mikubwa bado imesimama. Mkoloni aliiacha wazi kwa roho mbaya, lakini imebaki wazi. Mimi sitaki ivunjwe. Mimi nataka niingie.

Na hapa ndo nawaletea ushahidi wangu mkubwa, wale mnaosema gofu kwa asili yake ni mchezo wa wateule.

Gofu imetoka Scotland. Ilianzia kwenye ardhi ya mchanga ya pwani, ardhi ambayo haikufaa kilimo, sungura na kondoo ndo walikuwa wenyeji. Watu wa kawaida waliicheza mpaka mwaka 1457 bunge la mfalme James wa Pili likaipiga marufuku kwa sababu vijana wameacha mazoezi ya upinde na mishale. Soma tena: serikali iliikataza kwa sababu ilikuwa imependwa na watu wengi mno! Ndo baadaye wenye nazo wakaja na klabu na makoti. Kuna mji unaitwa St Andrews, huko ndo Makka ya gofu, hata hii idadi ya mashimo 18 ilitoka kwao, mwaka 1764 walipopunguza kutoka 22. Uwanja wao mkongwe kuliko wote, ambao bwana wa kampuni angetoa figo akapigie picha, ni ardhi ya umma. Klabu maarufu ya pale, ile ya makoti, yenyewe ilikuwa haipokei wanawake mpaka 2014, lakini uwanja si wake. Na Jumapili, sikilizeni wadau, Jumapili kwa kawaida uwanja ule haupigwi mpira. Unafungwa kwa gofu, wananchi wanaingia wanatembea. Na mbwa wao. Na watoto. Wanakaa kwenye nyasi ambazo mabingwa wa dunia wamezitolea jasho. Jumatatu asubuhi wanacheza kama kawaida.

Sasa nyumbani kwa gofu mama anapita na gari la mtoto kwenye nyasi takatifu, halafu sisi tulioletewa kwenye meli ndo tunajifanya walokole wa geti. Tumepokea fimbo, tumepokea kofia, tumepokea mpaka kiingereza cha puani, ila Jumapili hatukuipokea.

Mtaniambia Wabongo hatuwezi, tutaacha chupa, tutachoma mahindi kwenye shimo la saba. Mimi ni mtu wa Upare, hoja hiyo usinipe. Milimani kwetu kuna ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia, wazee waliyachimba zamani kabla hata ya huyo Mjerumani. Maji ya ndiva ni ya wote na yana zamu. Unajua siku yako, unajua saa yako, na yapo ya kumfanya mtu aliyeiba zamu ya mwenzake. Siku ya kusafisha wote mnatoka na majembe, ukikosa unatozwa. Hakuna mlinzi wa sare. Hakuna mtu anayesema maji haya si ya kila mtu. Kitu cha wote chenye utaratibu tumekijua miaka na miaka, tangawizi ya Mamba na Miamba mnayochanganya kwenye chai zenu huko hoteli kubwa inaota kwa kupeana zamu ya maji. Kwa hiyo usiniambie kuhusu nidhamu.

Na kuhusu uzio pia tunajua. Mkomazi wafugaji walitolewa, mwaka 1988 wa mwisho wakaondoka, 2008 ikawa hifadhi ya taifa. Kuna mabishano mengi pale na sitaki kuyaingia leo, lakini angalau tuliambiwa ni kwa ajili ya tembo na faru, na faru kweli wapo. Mheshimiwa na staa nao wako hatarini kutoweka?

Ninachodai ni kidogo. Jumapili. Siku moja ya wiki, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, nyasi zilizo katikati ya miji zifunguliwe kwa miguu ya watu, viwanja vyote vya namna hiyo, Dar na Arusha na hapa mkoani kwetu Moshi. Mashindano yakiwepo tangazeni, tutasubiri wiki inayofuata, sisi si wakorofi. Pili, mbeba mifuko awe na siku yake ya kucheza na fimbo za kuchezea, iandikwe, isiwe hisani ya bosi siku akiamka vizuri. Klabu ni za wanachama, sawa, sheria naijua. Lakini hata wanajeshi, ambao wana haki kabisa ya kutufukuza, kule Lugalo wameweka mashimo 18 ndani ya eneo la kambi na raia wanacheza. Sasa kama mwenye bunduki kafungua, wewe mwenye kofia nyeupe unaogopa nini?

Najua watakuja wa kusema nimetumwa, na wa kusema nina wivu. Wa wivu nawakubalia nusu, ile nyasi ni nzuri. Wa kusema tutaharibu uwanja waende kwanza wakawaulize wa St Andrews wanatumia dawa gani Jumatatu. Na yule msanii wetu, kama vijana wake wanamsomea hapa, aweke picha moja tu ambayo haijakatwa pembeni, na jina la kijana aliandike chini. Nikiiona nitaiweka hapa juu kabisa na nitakuwa wa kwanza kugonga kopa.

Haya, povu ruksa. Ila atakayeanza na gofu si ya kila mtu, aanze kwa kunitajia babu yake aliingia pale mwaka gani, na kwa geti lipi.